Mashine ya kupasulia imenirushia chaga tumboni, nakosea wapi wakuu?

paini_mbichi

Habari za saa hizi wakuu, naombeni msaada kwa wale mafundi wa mbao humu ndani na msinicheke.

Nina kiofisi changu hapa Morogoro natengeneza vitanda na makabati ya kawaida. Zamani mbao nilikuwa napeleka kwa watu wa mashine nalipia kwa futi, mwaka jana nikapiga hesabu nikaona hela yote inabaki huko, nikamfuata fundi wa kuchomelea akaniundia meza ya msumeno. Fremu ya engo, juu bati la milimita 4, mota ya hosipawa 3 fezi moja, mkanda mmoja, shafti na beringi mbili, bleidi ya inchi 12 meno 40 ya kabaiti. Geji ya pembeni ni kipande cha engo nakibana na klampu mbili, mbele na nyuma. Kiukweli imenisaidia sana, miezi saba sina shida.

Sasa Alhamisi napasua 1x8 ya paini, nilishaikata vipande vya futi tano, natoa chaga za kitanda cha 5x6. Kijana wangu yupo upande wa pili anapokea. Chaga ya kwanza poa. Ya pili imefika kama robo tatu hivi nikasikia harufu ya kuungua, mota ikaanza kuguna, nikaongeza nguvu kusukuma, mara paa! Sikuona kitu wakuu. Nimekuja kujikuta nimekaa chini, ile chaga iliyokuwa kati ya bleidi na geji imenipiga chini ya mbavu upande wa kushoto, ikaenda kugonga mlango wa bati nyuma yangu na kuacha bonde. Kijana anasema alikuwa ameishika ikamchomoka mkononi.

Vidole vipo vyote kumi. Ila sasa naiogopa mashine yangu mwenyewe, toka siku ile sijaiwasha na nina oda ya vitanda vinne. Nakosea wapi? Bleidi butu? Mota ndogo? Au ndo mkosi tu?

glavu_mbili

Pole mkuu. Vaa glavu nzito za ngozi na ukanda wa mgongo, kazi iendelee 😂

binti_seremala

@glavu_mbili najua unatania ila kuna mtu atasoma aende kununua kweli. Glavu kwenye msumeno unaozunguka HAPANA. Jino likigusa kidole kitupu linakata pale lilipogusa, likidaka uzi wa glavu linavuta mkono mzima ndani kabla hujasema mama. Ni hivyo hivyo kwa mikono mirefu ya shati, bangili, pete, kamba za kofia ya jaketi. Mimi hata kilemba nakifunga kwa nyuma na kuchomekea ncha zote. Chuoni VETA mwalimu wetu alikuwa anasimama mlangoni kabisa, ukiingia na saa mkononi unarudi.

Kaka paini_mbichi pole sana. Swali moja kabla sijasema mengi: nyuma ya bleidi kuna kitu chochote? Namaanisha kile kipande cha chuma chembamba kinachosimama wima, kinachoingia kwenye mpasuo mbao ikishapita bleidi?

paini_mbichi

Asante dada. Hapana hakuna kitu, bleidi imetoka kwenye tundu la meza basi, wazi mbele wazi nyuma. Sijawahi kuona hicho kipande kwa mashine zozote za huku.

MzeeRanda

Mwanangu pole. Nipo Keko, kazi hii naifanya toka nikiwa kijana wa kusaidia kufagia maranda, kwa hiyo nitaandika kirefu mnivumilie na macho yenyewe ndo haya.

Kwanza futa hilo neno mkosi. Mbao ikirudi ina sababu, na mara nyingi sana sababu ipo NYUMA ya bleidi wala sio mbele unakokodolea macho. Zima mashine uiangalie vizuri. Meno ya mbele yale yanayokutazama wewe yanashuka chini, yanakandamiza mbao kwenye meza, hapo mbao ipo salama. Meno ya nyuma yanapanda juu. Mbao ikishapasuliwa ikapita inatakiwa isiguswe tena na yale meno ya nyuma, yakiigusa tu yanainyanyua, na ikishanyanyuka juu ya bleidi inarushwa kwa kasi ya bleidi yenyewe kuelekea kwa aliyesimama, ambaye ni wewe.

Sasa kitu gani kinaifanya mbao iguse meno ya nyuma? Kwako naona vitatu na nahisi vyote vilikuwepo siku hiyo.

Geji yako unaibana na klampu mbili, mbele na nyuma. Nauliza, unaipima wapi? Wengi wanapima mbele tu, inchi mbili na nusu sawa, wanabana ya nyuma kwa macho. Ikiwa nyuma imeingia ndani hata milimita mbili, ile chaga inakuwa inapita kwenye njia inayozidi kuwa nyembamba, geji inaisukumia kwenye meno ya nyuma. Hiyo harufu ya kuungua ndo ilikuwa inakupigia simu na wewe hukupokea, ukaongeza kusukuma. Harufu ikitoka na mota ikiguna husukumi, unaishikilia mbao pale pale ilale chini mezani, mtu mwingine anazima, unasubiri bleidi isimame kabisa ndo unatoa.

Jinsi ya kupima: chomoa plagi. Weka alama ya kalamu kwenye jino moja. Lilete jino hilo mbele, pima kutoka jino mpaka geji. Zungusha bleidi kwa mkono jino lile lile liende nyuma, pima tena. Usipime jino hili na jino lile maana bleidi nyingi zina kupinda kidogo zitakudanganya. Vipimo viwili vikiwa sawa geji imenyooka. Mimi naiacha nyuma ifunguke kwa unene wa karatasi, ila kufunga ndani kamwe.

La pili ni paini yenyewe. Hizi paini za siku hizi zinavunwa changa na zinaingia sokoni na maji yake, unapasua mbao unaona mpasuo unajifunga wenyewe nyuma ya bleidi kama mdomo. Nyingine inafunguka, inasukuma geji. Mbao ya mninga mkavu ina adabu, paini mbichi haina. Ndo maana yule binti kakuuliza kuhusu kipande cha nyuma, kazi yake ni kuuzuia mdomo usifunge. Sisi zamani kabla hatujavijua hivyo vipande tulikuwa tunatumia kabari, mbao ndefu ikishapita kiasi, unazima, mpokeaji anachomeka kabari ndogo kwenye mpasuo halafu ndo unaendelea. Na kwenye geji nafunga kipande cha ubao kinachoishia pale pale bleidi inapoanza kuuma, hakiendi mpaka nyuma, ili ile mbao ikitaka kufunguka iwe na nafasi ya kwenda.

La tatu ni huyo kijana wako, na usimgombeze maana hajafundishwa. Umesema "alikuwa ameishika". Aliishikaje? Mpokeaji hashiki wala havuti, anaweka viganja chini kama anapokea mtoto, anabeba uzito tu. Anayeendesha mbao ni mmoja, yule wa mbele. Mpokeaji akivuta upande, hata kidogo, mbao inakaa mshazari na inabanwa. Akiinyanyua ndo kabisa. Vipande vya futi tano hata humhitaji, weka meza ya kupokelea nyuma yenye kimo kimoja na mashine au chini kidogo hata kwa milimita tatu nne, mwache kijana apange chaga.

Mimi kidole changu cha shahada cha mkono wa kushoto hakina ncha. Watu wote wanadhani mbao ilinivuta. Haikunivuta. Nilikuwa nimemaliza kazi yote ya siku, nimeshazima, nasikia mashine inapunguza sauti, kuna kakipande kadogo kama kiberiti kamekaa pembeni ya bleidi, nikakapangusa na mkono huku namgeukia mtu anayeniuliza bei ya stuli. Bleidi ilikuwa haijasimama. Sikusikia maumivu, niliona tu yule mteja amebadilika uso.

paini_mbichi

Shikamoo mzee wangu. Aisee umeniangalia kama ulikuwepo. Kijana nimemuuliza sasa hivi, anasema alikuwa anavuta "ili nimalize haraka bosi". Na geji ya nyuma ni kweli nabana kwa macho. Kesho asubuhi nitapima kama ulivyosema nilete majibu.

konekta_fezi3

Mimi ni fundi umeme, ya mbao namwachia mzee. Mkuu unawashia na nini hiyo mashine? Usiniambie swichi ya ukutani.

paini_mbichi

Breka mkuu 🙈 ipo ukutani kama hatua tatu kutoka kwenye mashine.

konekta_fezi3

Nilijua tu. Sasa sikia, umeme ukikatika katikati ya mpasuo mbao inabaki imebana kwenye bleidi. Wewe unafanya nini? Unaenda kuichomoa si ndio, unaitikisa, mkono huku mkono kule, na breka bado ipo ON maana nani anakumbuka kuzima kitu kilichojizima chenyewe. TANESCO wakirudisha hapo hapo mashine inaanza na mikono yako ipo mezani. Hii sio hadithi, nimeitwa mara mbili kubadilisha swichi kwenye karakana BAADA ya jambo hilo kutokea, hakuna aliyewahi kuniita kabla.

Dawa yake ni stata ya sumaku, ile yenye kitufe cha kijani na chekundu. Ndani ina koili, umeme ukikata koili inaachia, ukirudi mashine inabaki imezima mpaka mtu abonyeze kijani. Chukua yenye ovalodi ndani (inayozima mota ikizidiwa), uiseti kwa ampia zilizoandikwa kwenye kibati cha mota, hosipawa 3 ya fezi moja inakuwa maeneo ya ampia 13 mpaka 15. Halafu hicho chekundu kiweke mbele ya meza chini, pale goti au paja linapofika, maana mbao ikigoma mikono yote miwili ina kazi, huwezi kuachia mkono kwenda kutafuta breka hatua tatu huko.

Na waya. Kama umevuta ekstensheni nyembamba ya mita ishirini umeme unafika umechoka, mota inapungua kasi ikiuma mbao, bleidi inabana, unarudi kwenye hadithi ya mzee. Weka waya wa 2.5 kwenda juu, ikiwa ni mbali weka 4.

Kwa wenye fezi tatu mnaosoma: wakija kutengeneza laini au transfoma mkarudishiwa umeme, washeni kwanza mashine tupu mwangalie inazunguka upande gani. Fezi mbili zikibadilishana nafasi mota inazunguka kinyume, na nati ya bleidi ambayo kawaida inajikaza inaanza kujifungua.

binti_seremala

Uzi umekuwa mtamu. Narudi kwenye kile kipande cha nyuma maana kaka kasema hajawahi kukiona, na ni kweli, mashine za kuunda mtaani nyingi hazina na zile za dukani zikija nacho watu wanakifungua wiki ya kwanza wanakitupa kwa sababu "kinasumbua".

Unaweza kukichongesha kwa huyo huyo fundi wa kuchomelea. Unene wake ndo siri. Kiwe kinene kuliko sahani ya bleidi lakini chembamba kuliko mpasuo. Pasua kipande cha mbao, pima upana wa mpasuo na venia (kile kipimo cha taya mbili), kwa bleidi ya inchi 12 mara nyingi utakuta kama milimita 3 na kitu, sahani yenyewe milimita 2 na kitu, basi bati la 2.5 linakaa pazuri ila pima ya kwako usinifuate mimi. Kichongwe kwa kufuata duara la bleidi, kikae karibu nayo, milimita 3 mpaka 8 hivi, kimo chake kiwe chini kidogo ya kilele cha bleidi, na kinyooke mstari mmoja na bleidi maana kikikaa upande chenyewe ndo kitabana mbao. Kifungwe kwa bolti mbili chini ya meza kwenye kitu kigumu, sio kwenye bati la juu linalocheza.

Mengine ya haraka haraka.

Kimo cha bleidi: meno yazidi mbao kidogo tu, milimita 5 hivi. Kama shafti yako haipandi wala kushuka (nahisi haipandi) basi na inchi 12 kwenye 1x8 una bleidi nyingi sana hewani bila kazi. Tengeneza meza ya juu ya uongo, ubao wa MDF au plaiwudi unaulaza juu ya bati na kuufunga, bleidi inatokeza kidogo.

Kijiti cha kusukumia: chaga ya inchi mbili na nusu usiimalizie na mkono. Mimi changu ni kama kisigino cha kiatu, kimelala juu ya mbao na nyuma kina ngazi inayoshika mwisho wa mbao, kinasukuma na kukandamiza chini kwa pamoja. Kile cha fimbo yenye pembe ya V kinasukuma tu, mbao ikitaka kunyanyuka hakiizuii. Vyovyote, unachonga kwa plaiwudi chakavu dakika kumi, kikiliwa na bleidi unachonga kingine, kidole hakichongwi.

Kusimama: usisimame kwenye mstari wa mbao iliyo kati ya bleidi na geji. Hatua moja kushoto. Ungekuwa hatua moja kushoto ule mlango wa bati ungepigwa peke yake.

Na kitu ambacho naona kila karakana: kupasua na kukata ni kazi mbili tofauti. Kupasua, unafuata nyuzi, unatumia geji ya pembeni. Kukata, unakatiza nyuzi, unatumia kile cha kusukumia mraba au sledi (kibao kinachoteleza juu ya meza na kubeba mbao), na geji ya pembeni inaondolewa. Ukitumia zote mbili kwa pamoja kile kipande kilichokatika kinabaki kimefungiwa kati ya geji na bleidi hakina pa kwenda, kinageuka, kinaruka. Ukitaka vipande vya urefu sawa funga kabloki kwenye geji MBELE kabla ya bleidi, mbao inagusa kabloki inapata kipimo, halafu inaachana nacho kabla ya kufika kwenye meno.

Stima_na_Mbao

Sasa mafundi, mimi niko Nairobi, Gikomba. Hiyo ya stima kurudi kwa ghafla hata huku iko, asante kwa kukumbusha.

Mimi naongeza mbao za paleti. Hapa watu wengi tunanunua paleti tunazivunja tunatengeneza viti na meza za mikahawa, mbao ni nzuri na imekauka lakini misumari! Ile yenye nyuzi kama skrubu inakatika kichwa kinabaki ndani huoni kitu. Kabaiti ni ngumu lakini inavunjika kama glasi, jino likigonga msumari linaruka na hujui linaenda wapi. Mimi niko na sumaku kubwa nilitoa kwa spika mbovu, naipitisha juu ya kila mbao polepole, unaisikia tu ikivutwa mahali kuna chuma. Miwani ya kazi sio ya urembo, vaeni. Na masikio pia.

Tena cheki shimo la bleidi. Bleidi nyingi zinakuja na shimo la milimita 30, shafti ni 25 au 25.4, na ile ringi ya kupunguza ishapotea, nimeona jamaa amezungushia teipu ya umeme ati inakaa sawa. Haikai sawa, bleidi inazunguka kama yai.

Eti kuna mashine Amerika inasimama yenyewe ikigusa kidole, hiyo ni ukweli ama ni video za uongo?

konekta_fezi3

Ni kweli, inaitwa SawStop. Inapitisha mkondo mdogo sana wa umeme kwenye bleidi, mwili wa mtu unapitisha umeme tofauti na mbao kavu, ikihisi nyama inapiga kipande cha alumini kwenye meno, bleidi inasimama ndani ya milisekunde 5 hivi na kuzama chini ya meza. Hicho kipande na bleidi vinakufa vyote hapo hapo, unanunua vingine. Sasa utamu ni kwamba mbao iliyojaa maji nayo inapitisha umeme, inaweza kuidanganya ikajifyatua. Kwa hizi paini zetu ungenunua vipande kila wiki. Na haizuii mbao kurudi, jamaa yetu hapa angepigwa vile vile tumboni.

grainda_boy

Nyie mna hela. Mimi nimefunga grainda chini ya plaiwudi nikaiweka bleidi ya mbao ya inchi 4 na nusu, kazi inaenda mwaka wa pili.

MzeeRanda

Wewe grainda_boy nisikilize vizuri, hiyo sio mashine hiyo ni bunduki. Grainda ndogo inazunguka elfu kumi na moja kwa dakika, iliundwa kusaga chuma kwa jiwe. Soma maandishi kwenye hiyo bleidi yako uone kasi yake ya mwisho ni ngapi, kama hakuna maandishi kabisa basi hapo usinunue tena. Haina kipande cha nyuma, haivumilii kubanwa na mbao, ikibana inajichomoa kwenye bolti zake. Nafuu mara mia sakyula ya mkono, ile ya kawaida, uiongoze juu ya mbao kwa kuifungia ubao ulionyooka na klampu mbili. Unapasua vizuri tu.

Na wewe paini_mbichi, puli zako ni inchi ngapi? Waliokuundia huwa wanapachika yoyote iliyopo.

paini_mbichi

Ya mota inchi 5, ya shafti inchi 3. Mota imeandikwa 2800.

konekta_fezi3

2800 mara 5 gawa kwa 3 ni kama 4,660 kwa dakika. Kwa bleidi ya inchi 12 ncha ya jino inakwenda zaidi ya kilomita 260 kwa saa. Hiyo ndo kasi iliyokupiga mbavuni. Bleidi imeandikwa ngapi?

paini_mbichi

Max 5000. Kumbe nilikuwa nacheza ukingoni.

MzeeRanda

Weka puli ya inchi 4 kwenye mota, utashuka mpaka 3,700 na kitu, inatosha kabisa kwa inchi 12. Na utafute bleidi ya meno 24 ya kupasulia. Meno 40 sio mbaya ila kwenye paini mbichi ya kupasua unga hauna pa kutokea, unajaa kati ya meno, bleidi inapata moto na kupinda. Meno mengi weka kwa kukata, 60 au 80.

nesi_wa_zamu

Nimepita kimya kimya nikasoma yote, mume wangu ni seremala. Kaka paini_mbichi naomba nikuulize ya kwangu: ulipigwa chini ya mbavu kushoto, hapo ndani kuna bandama. Maumivu yanapungua au yanaongezeka? Unapata kizunguzungu ukisimama? Bega la kushoto linauma bila sababu? Mkojo una damu? Kama lipo hata moja usisubiri kesho nenda hospitali leo, bandama inaweza kuvuja taratibu siku kadhaa baada ya pigo. Hata kama hakuna, nenda ukaangaliwe.

Na kwa wote, siku kidole kikitoka: bana jeraha kwa kitambaa safi, kaza kwa kiganja, nyanyua mkono juu, msifunge kamba wala mpira kwenye kidole. Kile kilichokatika msikiweke kwenye barafu moja kwa moja, barafu inakiunguza. Kifungeni kwenye shashi au kitambaa safi kilicholowa kidogo, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, mfuko ndo uwekwe kwenye maji yenye barafu. Msikisafishe kwa spiriti, msikipake mafuta ya taa, msikipake chochote. Kimbieni nacho.

binti_seremala

Asante dada nesi. Naomba niongeze hapo hapo, kaka una kijana umemwajiri. WCF, ule Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, upo kwa ajili ya hilo, anayechangia ni mwajiri na mfanyakazi hakatwi kitu, akiumia kazini analipwa fidia na matibabu. Najua ofisi ndogo tunaona kama mambo ya makampuni makubwa. Kafuatilie.

paini_mbichi

Nimerudi wakuu na majibu.

Kwanza hospitali nimeenda jana jioni, wakapiga altrasaundi, bandama salama, ni misuli na ubavu umepata mshtuko, nimepewa dawa na kuambiwa nisibebe mizigo mizito wiki mbili. Dada nesi Mungu akubariki, nisingeenda.

Sasa geji. Sikuigusa toka siku ile kwa hiyo bado ilikuwa vile vile. Nikaweka alama jino moja kama mzee alivyosema. Mbele: milimita 64. Nikazungusha jino lile lile nyuma: milimita 60. NNE. Nikarudia mara tatu nikidhani tepu ndo mbovu. Kijana akaja akapima yeye, 60. Halafu kwa ndani ya ile engo, upande wa nyuma tu, kuna msitari mweusi wa kuungua wa paini umeng'ang'ania pale, mbele hakuna kitu ni chuma kitupu. Miezi saba nilikuwa naufuta na tambara kila Jumamosi sijawahi kujiuliza umetoka wapi.

Nimebadilisha yafuatayo: fundi wa kuchomelea kaja leo amechukua vipimo vya kipande cha nyuma (mpasuo wangu ni 3.1, sahani 2.2, dada ulilenga pale pale). Puli ya inchi 4 nimepata. Geji nimechonga vijiti viwili vya mbao vyenye urefu sawa, nachomeka kimoja mbele na kingine nyuma kati ya geji na ukingo wa meza kabla ya kukaza klampu, ukingo wenyewe nimeuhakiki umenyooka na bleidi, hakuna tena cha macho. Kijana nimemwonyesha kupokea na viganja, anasema ni rahisi kuliko kuvuta.

Stata bado. Mkuu konekta_fezi3, duka moja wananiambia ya ampia 18 nyingine wananiambia 25, ipi inafaa kwa mota yangu, na ovalodi niseti kwenye ngapi? Kibati kimeandikwa 14.2.

konekta_fezi3

Ya 18 inatosha ila fezi moja inavuta sana ikiwaka, kama tofauti ya bei ni ndogo chukua 25 itadumu. Ovalodi seti kwenye 14.2 hiyo hiyo, hakikisha kwanza ile ya kwenye boksi inafika hapo maana nyingine zinaishia 13. Na ukifunga, jaribu hivi: washa, zima breka kuu, washa breka tena. Mashine ikianza yenyewe umefungiwa vibaya, usiweke mbao.